Nani mwenye wimbo wa Sindeni?

*Sheria ya hakimiliki inamlinda mtunzi aliyetia jina lake kwenye kazi. Wimbo wa ngoma ya Wazigua hauna jina la mtu, na unauzwa kibandani kwa bei ileile ya bongo fleva. Nani alipwe, na nini kiachwe kisambae bure?*

Kando ya barabara inayotoka Korogwe kwenda Handeni, pale Sindeni, kibanda cha kuingiza nyimbo hakihitaji kibao. Sabufa inatosha kukitangaza. Ndani kuna kompyuta moja, waya za kuchajia simu na kijana ambaye vidole vyake havitulii. Mteja anatoa memori kadi, anataja anachokitaka, analipa fedha isiyozidi bei ya soda, na baada ya muda mfupi anaondoka na nyimbo za kumtosha hadi mavuno: bongo fleva, singeli, kwaya, taarabu ya zamani, mahubiri.

Kwenye kompyuta za namna hiyo vijijini Handeni huwa kuna kundi jingine la nyimbo, lisilo na picha ya msanii. Ni ngoma zilizorekodiwa kwa simu harusini, kwenye sherehe za kuwatoa wali, au siku mgeni mkubwa alipotembelea kijiji. Manju anatoa, wanawake wanapokea kwa Kizigua, vumbi linasikika chini ya miguu. Faili limeandikwa “selo”, jina la ngoma ya Wazigua, au “ngoma harusi”, au tarakimu tupu.

Wenye vibanda wakiulizwa kama wamelipia nyimbo hizo, jibu lao ni moja karibu kila mahali. Husema hawauzi nyimbo, wanauza kazi ya kuzihamisha, umeme na muda wao. Nyimbo zenyewe zimeshasambaa. Aliye Dar es Salaam amezitoa YouTube, na wao wamezipokea kwa simu kutoka kwa mwenzao wa Korogwe au Mkata.

Kwa miaka mingi nchi hii imebishana kama kazi za sanaa zilindwe au ziachwe watu wagawane. Mabishano hayo hufanyika mijini, kwenye kumbi za mikutano, baina ya wasanii wenye majina, wachapishaji na maofisa. Wa Sindeni hawaitwi. Lakini hapa, kando ya barabara moja, ndipo pande zote za ugomvi zinapokutana: msanii anayedai chake, mwanafunzi asiye na fedha ya kitabu, na kijiji ambacho wimbo wake umekwenda sokoni bila kuaga.

Alichoshinda mwana wa Muheza

Tuanze na anayedai, kwa sababu madai yake ni ya haki.

Tanzania Bara inafuata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999. Zanzibar inayo yake, ya mwaka 2003. Sheria ya Bara inamlinda mtunzi tangu anapoitunga kazi, na ulinzi huo unadumu kwa uhai wake wote pamoja na miaka 50 baada ya kufa kwake. Inampa haki za namna mbili. Ya kwanza ni ya kiuchumi: kunakili, kuuza, kutangaza, kukodisha. Ya pili ni ya kimaadili: atajwe kuwa ndiye mtunzi, na kazi yake isiharibiwe.

Kwa muda mrefu wasanii waliiona sheria hiyo kuwa karatasi tu, hadi mwaka 2016 ilipofika Mahakama ya Wilaya ya Ilala. Hamis Mwinjuma, ambaye mashabiki wanamjua kwa jina la MwanaFA, na Ambwene Yesaya, yaani AY, waliishitaki kampuni ya simu ya Tigo kwa kuzitumia nyimbo zao “Usije Mjini” na “Dakika Moja” kama miito ya simu bila ridhaa yao. Mahakama iliamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Kampuni ilikata rufaa Mahakama Kuu, ikashindwa.

MwanaFA ni wa Muheza, jirani zetu wa hapo chini. Mwaka 2020 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo hilo, na Februari 2023 akateuliwa kuwa Naibu Waziri wa wizara inayosimamia sanaa. Kesi yake iliwafundisha vijana wengi wa Tanga kwamba wimbo ni mali, kama lilivyo shamba la mkonge.

> Kwa fedha zilizogawanywa Januari 2022, wastani kwa msanii mmoja haukufika shilingi laki tatu.

Lakini si kila msanii ana wakili wala kampuni kubwa ya kuishitaki. Wengi wanategemea mirabaha. Januari 2022 COSOTA, chama cha hakimiliki nchini, iligawa zaidi ya shilingi milioni 312 kwa wasanii 1,123. Ukigawanya, wastani haufiki laki tatu kwa mtu, na humo wamo waliopata zaidi na waliopata cha nauli. Mwaka huohuo sheria ilirekebishwa: COSOTA ikageuzwa kutoka chama kuwa Ofisi ya Hakimiliki, na njia ikafunguliwa kwa kampuni za kukusanya na kugawa mirabaha. Mwaka 2023 Sheria ya Fedha ikaleta tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwa vifaa vinavyotumika kurekodia na kunakilia kazi za sanaa.

Tozo hiyo ni jambo kubwa kuliko inavyoonekana, na ni vyema ielezwe vijijini. Imekubali ukweli ambao kila mtu anaujua: watu watanakili, na hakuna polisi wa kusimama kwenye kila simu. Badala ya kumfukuza mnunuzi, serikali inachukua sehemu ndogo mlangoni, kifaa kinapoingia sokoni, ili iende kwa watunzi. Anayenunua kifaa kinachotozwa amekwisha kuchangia. Kinachobaki ni kuhakikisha kwamba mchango wake unamfikia aliyetunga, na hapo ndipo wasanii wanapaswa kuwabana wanaohusika bila kuchoka.

Ngoswe wa kopi

Jirani wa kibanda cha nyimbo, mara nyingi, ni steshenari. Huko kinachonakiliwa ni vitabu.

Kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi wa sekondari nchini wameisoma tamthilia ya *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba. Wengi wao hawajawahi kukishika kitabu chenyewe. Wamesoma kopi ya kopi, kurasa zimekatwa pembeni, herufi zimefifia, jalada halipo. Wasio na jalada wanalijua jina la mtunzi kwa sababu mwalimu ameliandika ubaoni, basi.

Semzaba alifariki Januari 2016. Kwa hesabu ya sheria, kazi zake zina mwenyewe mpaka mwaka 2066. Kila kopi nzima ya kitabu inayouzwa kabla ya hapo inachukua kutoka kwa warithi wake na kwa mchapishaji aliyethubutu kuchapa tamthilia katika nchi ambayo vitabu haviendi haraka.

Upande wa pili yupo mzazi wa Sindeni mwenye watoto watatu shuleni, anayetegemea mahindi, na mvua isiyotabirika. Tangu mwaka 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne haina ada, lakini kitabu cha ziada ni cha kununuliwa. Kumwambia mzazi huyo kwamba kopi ni wizi, halafu usimwonyeshe mahali mtoto wake atakapokisoma kitabu, ni kumhukumu mtu kwa umaskini wake. Siwezi kuandika hivyo. Nimeziona kopi hizo zikishikwa kwa uangalifu ambao vitabu vingi vipya havijaupata.

Sheria yenyewe haimwachi mwanafunzi nje. Inaruhusu kunakili kwa matumizi binafsi, na inaruhusu kutumia sehemu ya kazi kwa kufundishia, kwa kiasi kinachostahili. Mwalimu anayetoa kopi ya onyesho moja ili darasa lilijadili hana kosa. Kosa linaanza pale kitabu kizima kinapogeuzwa bidhaa ya duka.

Zipo pia njia ambazo hazimuumizi yeyote. Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, mwanafunzi asome bila kulipa. Mradi wa African Storybook una hadithi za watoto za Kiswahili ambazo watunzi wake wametoa ruhusa tangu mwanzo: chukua, chapa, tafsiri, gawa, mradi utaje jina la mtunzi. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inajengwa na wanaojitolea kwa masharti ya namna hiyohiyo. Hawa hawakuibiwa. Waliamua kutoa, na uamuzi ulikuwa wao.

Tena wapo ambao muda wao umekwisha. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alifariki Juni 1962. Miaka 50 ilitimia mwaka 2012. Maana yake ni kwamba kwa sheria yetu *Kusadikika*, *Adili na Nduguze*, *Maisha Yangu* na kazi zake nyingine sasa ni za umma. Shule ya kata inaweza kuzichapa, kuzisoma redioni, kuziigiza, bila kumwomba mtu ruhusa.

Hili lingepaswa kuwa limetangazwa kwa ngoma mkoa mzima. Mtu aliyefanya kazi ya ukarani Pangani na Tanga mjini akaandika usiku, ameuachia mkoa wake urithi usio na kufuli, lakini ni shule chache zinazojua. Miaka zaidi ya kumi imepita tangu mlango ufunguke. Halmashauri za Handeni, Korogwe na Muheza zingeweza kuungana zikachapa toleo la bei nafuu la *Adili na Nduguze* kwa kila shule. Ndivyo sheria ilivyokusudia: mtunzi na wanawe wale kwanza, kisha taifa lirithi.

> Kwa sheria yetu, vitabu vya Shaaban Robert vimekuwa vya umma tangu miaka 50 ya kifo chake ilipotimia mwaka 2012.

Nyimbo zilizokwenda hadi Juba

Wanaotaka kazi za sanaa ziwe huru wana hoja nzito kuliko ile ya bei. Husema kwamba sanaa huishi kwa kupokezana, na ukiifungia inakufa. Mtu wa Handeni ana ushahidi wa hoja hiyo ambao sijaona mwingine unaouzidi.

Katika karne ya 19, ukame na njaa viliikumba nchi ya Wazigua. Wengi walichukuliwa utumwani, wakasafirishwa kwa majahazi kutoka pwani hadi kusini mwa Somalia. Waliofaulu kutoroka mashambani walijikusanya katika misitu ya bonde la mto Juba, wakajenga vijiji, wakalima. Waliondoka bila kitabu hata kimoja. Walichobeba kilikuwa vichwani: lugha, majina ya koo, ngano za jioni, nyimbo za kubembelezea watoto.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 na vita kuwakimbiza, baadhi ya wajukuu zao walikuja Tanzania. Walipokewa Mkuyu, Handeni, na baadaye Chogo. Walifika wakizungumza Kizigula, yaani Kizigua, na wenyeji wakawaelewa. Wengi wao walipewa uraia wa Tanzania. Wengine, zaidi ya elfu kumi kwa ujumla wa Wabantu wa Somalia, walihamishiwa Marekani kuanzia miaka ya 2003 na 2004, na lugha hiyo sasa inasikika katika miji ambayo babu zao hawakuota kuifikia.

Hakuna ofisi iliyoitunza lugha ile na yaliyomo ndani yake. Hakuna aliyesajili ngano wala kudai mirabaha kwa wimbo wa kubembelezea. Viliendelea kuishi kwa sababu kila mama alikuwa huru kumrithisha mwanawe, na kila jirani alikuwa huru kuiga. Kama ingehitajika ruhusa, kamba ingekatika kizazi cha kwanza.

Kwa hiyo anayesema kwamba kila kunakili ni wizi aitembelee Chogo kwanza.

Lakini tuangalie vizuri kilichotokea Juba. Nyimbo zilipita kutoka mkono wa mwenyewe hadi mkono wa mwenyewe. Hakuna aliyezichukua akaziuza kwa wengine akiwaacha wenye nazo mikono mitupu. Kushirikiana kwa ndugu ni jambo moja, na mgeni kuchota ni jambo la pili. Wanaotetea uhuru wa kazi za sanaa mara nyingi huchanganya mambo hayo mawili, na wanaoumia kwa mchanganyo huo ni wale wasio na jina.

Majalada na majina

Mwaka 1906 ilichapwa Uingereza kamusi ya Kizigua na Kiingereza. Jina lililo juu yake ni la W. H. Kisbey, mmisionari wa misheni ya Kianglikana ya UMCA. Alifanya kazi kubwa, na leo anayetaka kujua Kizigua cha wakati ule hana budi kumshukuru. Ila kamusi haitoki kichwani mwa mgeni. Kila neno lilitamkwa na mtu fulani wa nchi hii, aliyeketi na kueleza, akarudia, akasahihisha. Mtu huyo hakuandikwa jaladani.

Pembeni yake kuna kitabu cha namna nyingine. Abdallah bin Hemedi ’lAjjemy alikusanya masimulizi ya watawala wa Usambara akayaandika kwa Kiswahili katika *Habari za Wakilindi*, kilichochapwa kwa sehemu na mitambo ya UMCA huko Magila kuanzia miaka ya 1890, na kutolewa tena mwaka 1962 baada ya kuhaririwa na J. W. T. Allen. Ndani yake yumo Mbega, mwindaji wa nguruwe aliyefukuzwa Ngulu, akavuka nchi ya Wazigua akiwagawia watu nyama, hadi akafanywa mfalme Vugha. Kila mzee kati ya Kilindi na Korogwe ana Mbega wake. Abdallah aliandika wa kwake, na wazee waliendelea kusimulia wa kwao. Kitabu hakikuwanyang’anya kitu.

Hapo ndipo ninapoona mpaka unapopita. Tatizo la karne ile halikuwa kwamba masimulizi yaliandikwa. Yangepotea mengi kama yasingeandikwa. Tatizo lilikuwa majina yaliyoachwa nje, na faida iliyokwenda upande mmoja pale faida ilipokuwapo.

Baada ya uhuru mambo hayakubadilika haraka. Kwa miaka mingi Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa studio ya taifa. Bendi kutoka mikoani, zikiwamo Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, zilijulikana nchi nzima kwa sauti zilizopitia redio. Wanamuziki wa enzi hiyo walipata malipo madogo ya kurekodi, si mirabaha ya miaka iliyofuata. Kanda zao ni hazina ya taifa hadi leo, na wazee waliozipiga wamekufa wengi wao bila kula matunda yake.

Na hata mtunzi anapojulikana, ugomvi hauishi. “Malaika” umeimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte na Boney M. Dunia nzima inaujua. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na jina lake ndilo lililoandikishwa. Adam Salim alidai hadi uzeeni kwamba ni yeye aliyeutunga, miaka ya 1940. Fadhili alifariki mwaka 2001, na mabishano hayajaisha. Ikiwa wimbo wa mapenzi uliotungwa na mtu mmoja juzi tu unagombaniwa hivyo, itakuwaje wimbo wa selo uliotungwa na vizazi?

> Kunakili hakukumpoteza Mzigua wa Juba. Kilichompoteza mzee wa Handeni ni jina lake kuachwa nje ya jalada.

Kipengele kilicholala

Wengi hawajui kwamba jibu limo ndani ya sheria ileile ya 1999. Sheria hiyo ina sehemu nzima inayohusu sanaa za jadi: ngano, nyimbo, ngoma, michezo, kazi za mikono. Iliandikwa kwa kufuata kielelezo cha UNESCO na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, cha mwaka 1982, na msimamizi wake ni Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA.

Sehemu hiyo haikatazi kuimba. Haikatazi kufundisha. Mjukuu wa Sindeni aliyeko Mbagala akiitisha ngoma kwenye harusi ya dada yake hahitaji kibali cha mtu. Inachosema ni kwamba ruhusa inahitajika pale mambo mawili yanapokutana: mtu anatafuta faida, na ameitoa sanaa nje ya mazingira yake ya kimila. Tena inataka chanzo kitajwe, yaani jamii au mahali kazi ilikotoka.

Soma tena masharti hayo mawili, na la tatu la kutaja jina. Naamini ndiyo mizani bora iliyopata kuandikwa kwenye sheria zetu kuhusu jambo hili, na haifai ngoma peke yake. Mwanafunzi aliyetoa kopi ili asome hatafuti faida. Steshenari inayotoa kopi mia za *Ngoswe* na kuzipanga mezani inatafuta. Bibi anayemrushia binti yake ngoma kwa simu yuko ndani ya mila. Kampuni inayoweka sauti ya bibi huyo kwenye tangazo la sabuni imetoka nje. Ukiuliza “nani anapata fedha, na kazi imepelekwa wapi?” ugomvi mwingi unakwisha kabla hujafika mahakamani.

Kipengele hicho kina matundu, na sitayaficha. Kinaruhusu mtunzi kuazima kutoka sanaa ya jadi ili atunge kazi yake mpya. Ni ruhusa nzuri, kwa maana bila hiyo tusingekuwa na muziki mpya wenye harufu ya nyumbani. Lakini mwenye studio anayechukua kiitikio kizima cha wanawake wa kijiji, akaweka ngoma ya kompyuta chini yake na kujiandikisha kuwa mtunzi, atakimbilia mlango huohuo. Kuazima na kubeba vyote vinatenganishwa na kipimo, na kipimo hicho bado hakijawekwa wazi.

Tundu la pili ni mwenyewe hasa. Selo haichezwi Sindeni tu. Wazigua wametapakaa Handeni, Kilindi, sehemu za Korogwe, hadi kuelekea Pangani na Bagamoyo. Ada ikilipwa, inakwenda kwa nani? Kwa kikundi kilichorekodiwa siku ile? Kwa kijiji? Kwa halmashauri? Wasiwasi wa wengi ni kwamba itaishia ofisini, na wanawake walioimba hawataona shilingi. Wasiwasi huo una msingi, na dawa yake ni kuandika mapema, kwa mwanga, nani anapata nini.

Wenzetu wa Kenya walijaribu mwaka 2016 kwa kutunga sheria maalumu ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kimila. Iliitambua jamii yenyewe kuwa ndiyo mwenye haki, na ikazipa serikali za kaunti jukumu la kutunza rejista. Utekelezaji wake umekuwa wa polepole, lakini wazo la rejista kukaa karibu na wenye nyimbo, badala ya Dodoma au Dar es Salaam, ni la kuigwa.

Daftari la kata

Hatari iliyopo Sindeni leo ni ya haraka kuliko mabishano ya wanasheria. Manju wazee wanaondoka. Vijana wanaimba kwa Kiswahili, na hakuna ubaya, ila nyimbo za Kizigua zinabaki kwenye simu zinazoanguka mtoni na memori kadi zinazofutwa ili kupisha singeli mpya. Ukifunga kila kitu kwa kibali, zitakufa zikiwa zimelindwa. Ukiacha kila kitu wazi, zitaishi kwa jina la mwingine.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurekodi, na kurekodi huko kuambatane na maandishi: jina la manju, majina ya wapokezi, kitongoji, tarehe, tukio, na neno la wenyewe kuhusu wanachoruhusu. Wengine watasema wimbo huu wafundishwe watoto wote wa Tanzania. Wengine watasema huu ni wa mwali na mlezi wake, usitoke. Wote wana haki ya kusikilizwa. Nyimbo za unyago zimekwisha kuzagaa mitandaoni kwa macho ya wasiohusika, na wazee wanaolalamika juu ya hilo si washamba. Wanadai haki ambayo sheria inampa kila mtunzi: kuamua kazi yake itoke lini.

Vifaa vya kazi hiyo havizidi simu moja nzuri na daftari. Kila halmashauri ina afisa utamaduni. Kata ina mtendaji. Shule ina mwalimu wa Kiswahili na wanafunzi wanaotafuta kazi ya nyanjani ya fasihi simulizi, ambayo imo kwenye mtaala wao. Badala ya kunakili mifano ya ngano kutoka kitabu kilichoandikwa mbali, waende kwa bibi wa jirani. Nakala moja ibaki shuleni, moja kwenye ofisi ya kata, moja iende BASATA, ili siku mtu wa studio atakapodai kwamba wimbo ameutunga yeye, pawepo karatasi ya kumjibu.

Kibanda nacho kisivunjwe. Kijana yule ni maktaba ya muziki ya kata, tukubali tusikubali, na amehifadhi mengi ambayo taasisi zimeyaacha. Anauza, kwa hiyo alipie. Leseni ndogo ya mwaka, anayoilipa palepale anapolipia biashara yake, ingemtoa kwenye kujificha na kuwaletea watunzi kitu. Na lile faili lenye tarakimu tupu lipewe jina kamili: ngoma, manju, kitongoji, Sindeni.

Hilo la mwisho halihitaji bunge. Linaweza kufanyika gulio lijalo, kijana akiwa na kompyuta yake, na mmoja wa wale wanawake akisimama mlangoni kumtajia majina.